Maji Umepima, Je Tope? Soma Kabla Hujakodi Bwawa la Samaki

Somo la leo ni la wafugaji wa sato na kambale kwenye mabwawa ya udongo, na zaidi ni la wale mnaotafuta eneo. Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Afisa, maji nimepima, pH iko vizuri, vifaranga nimenunua sehemu ya kuaminika, chakula nalisha. Mbona samaki hawakui, na kila wiki naokota wawili watatu wamekufa?" Majibu yanaweza kuwa mengi, na mengine nitayagusa huko mbele. Ila kuna sehemu moja ambayo wafugaji wengi hawaiangalii kabisa, nayo ni tope lililolala chini ya bwawa. Vitabuni linaitwa mashapo. Hapa nitaliita tope tu, maana ndilo jina tunalolijua.

Maji ya bwawa yanabadilika. Yanaingia, yanatoka, kiangazi yanapungua, mvua ikinyesha yanajaa upya. Tope linabaki. Kilichoingia na maji miaka 10 au 20 iliyopita kikazama, sehemu yake kubwa bado iko pale pale. Kwa hiyo unaweza kuchota chupa ya maji leo ukapeleka maabara, majibu yakarudi safi, na samaki wako wakaendelea kula na kujenga viota juu ya sumu. Maabara haijakosea. Imepima ulichoipelekea.

Sumu inafikaje kwenye tope

Viuatilifu vingi vya kuua wadudu vina tabia ya mafuta, havipendi kukaa kwenye maji. Vikiingia bwawani vinatafuta kitu cha kushika, na kitu kilicho karibu ni chembe ndogo za mfinyanzi na mabaki ya majani yaliyooza. Chembe hizo zikizama, sumu nayo inazama. Viuatilifu vya kundi la pirethroidi, hivi tunavyopulizia kwenye nyanya na ambavyo jina la kiambato kwenye kibandiko mara nyingi huishia na "thrin", vinafanya hivyo haraka sana. Vina sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo mno, na vikishafika kwenye tope vinaua minyoo na funza wadogo ambao ni chakula cha bure cha samaki.

Madini nayo hushika tope: shaba, risasi, zebaki, aseniki, kadimiamu. Tofauti yake ni kwamba kiuatilifu kinaoza, hata kama kitachukua miaka kama DDT, lakini shaba itabaki shaba. Haiozi. Mashamba ya zamani ya kahawa kule Kilimanjaro yamekutwa na shaba nyingi kwenye udongo kwa sababu ya dawa za ukungu zenye shaba zilizopuliziwa kwa miaka mingi. Udongo huo ukimomonyoka na mvua, unashuka bondeni, na bondeni ndiko wengi tunakochimba mabwawa.

Kumbuka pia kwamba tope la mchanga hubeba sumu kidogo kuliko tope laini jeusi la mfinyanzi. Ndiyo maana mahali pa kwanza pa kuangalia ni pale maji yanapopunguza mwendo: kwenye kona, karibu na mlango wa kuingilia maji, na sehemu yenye kina kirefu.

Samaki anaumiaje

Sato dume huchimba kiota chini kwa mdomo na mwili wake. Jike hutaga pale pale, kisha huokota mayai na kuyaatamia mdomoni. Kambale ndiyo kabisa, maisha yake ni kupekua tope akitafuta chakula. Hawa wawili ndio tunaowafuga, na wote wanagusana na tope kila siku. Sumu inawafikia kupitia maji yaliyomo ndani ya tope lenyewe, ambayo yanapita kwenye matamvua, na kupitia wadudu na mabaki wanayokula.

Shaba ikizidi inaharibu matamvua, na samaki anashindwa kutunza chumvi ya mwili wake. Hata ikiwa kidogo inaharibu uwezo wa kunusa. Samaki asiyenusa vizuri hakimbilii chakula. Wewe unaona pumba na punje zinaelea, unasema chakula kibaya, unabadilisha muuzaji. Na chakula ni zaidi ya nusu ya gharama zako zote, kwa hiyo hasara yako inaanzia hapo, kabla hujaona samaki hata mmoja aliyekufa. Kingine cha kujua: shaba ni kali zaidi kwenye maji laini, yale yasiyo na chokaa. Mrututu huo huo ambao jirani yako ameutumia kuua mwani bwawani kwake bila tatizo, kwako unaweza kuua samaki wote.

Zebaki ina njia yake. Ikifika kwenye tope lisilo na hewa, kuna bakteria wanaoigeuza kuwa zebaki ya methili. Hiyo ndiyo hatari zaidi, maana inaingia kwenye nyama na kutoka kwake ni taabu. Mdudu anakula kidogo, samaki mdogo anakula wadudu wengi, samaki mwindaji anakula samaki wadogo wengi, na kila hatua kiasi kinapanda. Huwezi kuiondoa kwa kukaanga, kuchemsha wala kutoa ngozi, kwa sababu imeshikana na nyama yenyewe. Na samaki anaweza kuwa nayo akaonekana mnene mwenye afya.

Kambale wa mto Black

Kuna mfano mmoja wa Marekani ambao naupenda, kwa sababu unahusu jamaa wa kambale wetu na unafundisha jambo ambalo wengi tunalifanya kinyume. Mto Black katika jimbo la Ohio unaingia Ziwa Erie kwenye mji wa Lorain. Kwa miaka mingi kando yake kulikuwa na tanuri za kuoka makaa ya mawe kwa ajili ya kiwanda cha chuma. Masizi na kemikali za aina ya lami zikaingia mtoni na kulala kwenye tope. Watafiti walipovua kambale wa kahawia miaka ya mwanzo ya 1980 walikuta wengi wakiwa na saratani ya ini. Si ugonjwa wa kuambukizwa. Ilikuwa inatoka chini, kwenye tope walilolalia.

Tanuri zikafungwa mwaka 1983. Miaka michache baadaye saratani ikawa imepungua sana, na hapo hakuna aliyekuwa amegusa tope. Tope jipya safi lilikuwa linashuka na kufunika lile la zamani. Kisha mwaka 1989 hadi 1990 wakachimba kuliondoa tope chafu. Nia ilikuwa njema. Lakini kulichimba kulilitibua, na kambale waliovuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 saratani ikawa imepanda tena. Baadaye ikashuka, na kwa muda mrefu kazi ile ilileta faida.

Sasa linganisha na sisi. Mtu amekodi bwawa la zamani, hajui historia yake, anachukua vijana watano na majembe wanazoa tope huku maji bado yapo na samaki wa mwanzo bado wamo. Kama lile tope lilikuwa na kitu, ameshakiamsha chote kwa siku moja. Kuzoa tope sikatazi. Nasema jua kwanza lina nini, vua samaki wote, kausha, ndipo uzoe.

Hapa kwetu

Kanda ya Ziwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wanatumia zebaki, hilo si siri. Tafiti zilizofanyika tangu miaka ya 1990 kwenye maeneo ya dhahabu ya Geita na jirani zilikuta zebaki nyingi kwenye tope la vijito vilivyo karibu na sehemu za kuchenjulia, wakati samaki wa Ziwa Victoria lenyewe kwa sehemu kubwa walikuwa chini ya viwango vya kimataifa. Wengine huishia kwenye sentensi ya pili, wanasema ziwa letu salama. Kwa mfugaji sentensi ya kwanza ndiyo ya kusoma. Sumu inakaa karibu na ilipomwagwa. Mita 300 chini ya kialo cha kuoshea dhahabu si sawa na kilomita 30 ziwani.

Kuna majosho pia. Hili watu wanalisahau kwa sababu josho likishaachwa linaota nyasi na kuonekana kama gofu la kawaida. Zamani majosho ya Afrika Mashariki yalitumia aseniki, na baadaye toksafini. Aseniki ni madini, haiozi. Toksafini nayo ni kali mno kwa samaki: miaka ya 1950 Marekani na Kanada waliimwaga makusudi kwenye maziwa ili kuua samaki wasiowataka, na baadhi ya maziwa hayo yalikaa miaka kabla samaki wapya hawajaweza kuishi. Josho likijaa lilikuwa linafunguliwa, na maji yanafuata mteremko. Kwa hiyo ukionyeshwa kibonde kizuri chenye maji mwaka mzima kwa bei ya kutupa, panda juu kidogo uangalie kuna nini.

Mwaka jana kijana mmoja alinipigia akiwa na karatasi ya mkataba mkononi. Alikuwa kwenye kikundi kilichopata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10, na walitaka kukodi eneo kwa miaka mitano. Nikamwambia asisaini siku hiyo, aende kwanza kwa wazee wawili wanaoishi pale jirani akaulize swali moja: "Hapa juu zamani palikuwa na nini?" Mzee wa kwanza akasema mashamba ya pamba. Wa pili akasema mashamba ya pamba, na ghala la dawa za pamba lililobomoka paa. Endosalfani ilikuwa moja ya dawa za pamba, nayo inaua samaki kwa kiasi kidogo sana. Imeingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm mwaka 2011 ili iachwe duniani. Wakapeleka tope kupimwa kabla ya kulipa. Kwa mkopo wa kikundi, kuchelewa wiki chache hakuumi kama kurejesha hela ya bwawa lisilotoa samaki.

Usikimbilie kusema sumu

Nisieleweke vibaya. Samaki wengi wanaokufa kwenye mabwawa yetu hawafi kwa sumu ya kiwandani wala ya shambani. Wanakufa kwa kukosa hewa alfajiri. Ukikuta samaki wamepanda juu wanahema saa 11 alfajiri, na jua likitoka wanatulia, hiyo ni hewa. Tope jeusi linalonuka yai viza mara nyingi ni chakula ulichozidisha kikaoza, na gesi yake inaua pia. Mgongo kupinda unaweza kutokana na sumu ya wadudu, lakini hata upungufu wa vitamini C kwenye chakula cha kutengeneza nyumbani unaweza kuuleta.

Nashuku kiuatilifu pale vifo vinapokuja ghafla saa chache baada ya mvua au baada ya jirani kupulizia, samaki wanarukaruka na kuzunguka kama wamelewa, na vyura na wadudu wa maji nao wamekufa. Nashuku tope pale ambapo hakuna tukio. Ukuaji mbovu msimu hadi msimu hata ukibadilisha vifaranga na chakula, kuzaliana hafifu, vifo vichache visivyokwisha, na tope lisilo na mdudu hata mmoja ukilichota kiganjani. Hilo la mwisho ni dalili nzuri ambayo haigharimu kitu. Tope zima la bwawa lina viumbe. Likiwa kimya kabisa na halinuki uozo, jiulize.

Jaribio la ndoo

Chukua ndoo nne za lita 20 ambazo hazijawahi kubeba dawa. Mbili weka tope la bwawa lako, kina cha vidole vitatu, lililochotwa sehemu kadhaa ukalichanganya. Mbili weka udongo wa mahali unapopaamini. Jaza zote maji yale yale safi, taratibu, kisha acha kwa siku moja litulie. Weka vifaranga watano wa ukubwa mmoja kila ndoo, kivulini, bila kulisha. Kama una pampu ndogo ya hewa itumie. Kama huna, chota kikombe na kumwagia kwa juu mara nyingi kwa siku. Angalia kwa siku nne, yaani saa 96, ambao ndio muda unaotumika hata maabara.

Wakifa wa tope lako na wa udongo mwingine wakabaki, simamisha mpango wote, nenda maabara. Wakifa wa ndoo zote, tatizo ni hewa, maji au vifaranga, rudia. Wakiishi wote, umejua kwamba hakuna sumu kali ya kuua haraka, basi. Jaribio hili haliwezi kuona zebaki, wala halioni shaba inayodumaza samaki kwa miezi.

Kupeleka tope maabara

Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina maabara na ofisi za kanda, ikiwemo Mwanza, Arusha na Mbeya. Piga kwanza uulize wanapima nini na kwa bei gani, maana kila kipimo kinalipiwa peke yake. Ukienda na kusema "nipimieni sumu" utarudi na bili kubwa au bila jibu. Sema jina. Hapo ndipo historia ya wale wazee inapookoa hela: juu kuna uchenjuaji, pima zebaki na aseniki, josho, pima aseniki na viuatilifu vya zamani vya klorini, kahawa au nyanya za miaka mingi, pima shaba, gereji, pima risasi na mafuta.

Chota tope la juu, sentimita 5 hadi 10, sehemu tano au zaidi, lichanganye kwenye chombo safi upate kama nusu kilo. La kupima madini weka kwenye mfuko mpya wa plastiki. La kupima viuatilifu weka kwenye chupa ya kioo, ifunike gizani kwenye boksi lenye barafu, lisafiri siku hiyo hiyo. Chota pia sampuli moja ya kulinganishia mahali pasipo na shughuli hizo, kwa sababu udongo wa maeneo ya dhahabu unaweza kuwa na aseniki ya asili.

Majibu yakija, yatakuwa ya miligramu kwa kilo ya tope kavu. Kuna viwango viwili vya Amerika Kaskazini vilivyochapishwa mwaka 2000 ambavyo hutumika sana kusomea namba hizo. Chini ya kile cha kwanza, madhara kwa viumbe wa tope hayatarajiwi; juu ya cha pili, mara nyingi yanatokea. Shaba ni karibu 32 na 149. Risasi karibu 36 na 128. Aseniki karibu 10 na 33. Zebaki 0.18 na 1.06. Ukiwa katikati, usikimbie wala usishangilie, tuongee. Viwango hivi ni vya afya ya viumbe wa chini ya maji, havisemi kama samaki analika. Kwa hilo inapimwa nyama ya samaki mwenyewe.

Na hilo la kupima nyama linakuja, upende usipende. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifungia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda baada ya taarifa za watu kuvua kwa viuatilifu. Aliyevua kwa nyavu halali na asiyehusika wote walifungiwa pamoja. Mnunuzi mkubwa hatofautishi bwawa lako na la jirani mpaka uwe na karatasi.

Kama bwawa lako tayari lina shida

Ziba chanzo kwanza. Mara nyingi chanzo ni sisi wenyewe: kuosha bomba la kupulizia kwenye mfereji unaoingia bwawani. Acha leo. Chimba mfereji wa kukinga maji ya mvua kutoka shambani, acha ukanda wa majani mazito kati ya shamba na bwawa, na kama maji yanatoka mtoni au mferejini, yapitie kwenye kidimbwi kidogo yatue tope kabla hayajaingia.

Kukausha bwawa na kuliacha juani kunasaidia kuvunja viuatilifu vingi na kuoza kwa mabaki. Kwa madini iko tofauti. Tope lisilo na hewa huyashikilia, likikauka na kupata hewa baadhi yanaachia, na maji ya kwanza yakiingia yanakuwa mabaya. Kama umekausha bwawa lenye shaba, weka chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, jaza maji, yatoe mahali yasipodhuru mtu wala mto, kisha jaza tena ndipo upande vifaranga. Maji yenye tindikali huyafungua madini, chokaa huyatuliza.

Kama namba ziko juu ya kiwango cha pili, una njia mbili za maana: kufunika chini kwa udongo safi wa mfinyanzi ulioshindiliwa, angalau sentimita 20, au kutandika turubai la bwawa. Turubai ni ghali, lakini linakutenga na tope kabisa. Na tope ulilolizoa usilipeleke kwenye mchicha wala kulimwaga mtoni. Lirundike mahali pa juu pasipofikiwa na maji, mbali na kisima, na uweke alama, maana wewe ukiondoka mwingine atadhani ni mbolea.

Kwa wale wa mikataba: andikeni kipengele kwamba malipo ya kwanza yanafanyika baada ya majibu ya tope, na nakala ya majibu iambatanishwe na mkataba. Mwenye eneo akikataa tope lisipimwe, omba sababu mbele ya mwenyekiti wa kijiji.